Kibo Kwenye Ncha ya Brashi

Acheni mnachofanya, pakueni Krita, kisha mkaitafute ile picha mliyoipiga kwenye dirisha la ndege mkaisahau humo simuni. Kila aliyewahi kupanda ndege anayo. Ile ya mawingu matupu, ncha ya bawa pembeni, na mlima uliofifia kiasi kwamba ukimwonyesha mtu inabidi umwelekeze kwa kidole, "huu hapa, tazama vizuri." Hiyo ndiyo malighafi tamu kuliko zote nilizowahi kuzitia mkononi, na nayasema haya nikiwa bado nimepagawa, usingizi sina, Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, iko wazi kwenye skrini na mkono unawasha kurudi kwenye kalamu.

Ilivyo ni hivi. Unaiweka picha chini kabisa na kuifunga isiguswe. Juu yake unaongeza tabaka tupu. Unachukua brashi ya kuvurugia rangi, unawasha kile kitufe kinachoiruhusu kuonja rangi za matabaka yote badala ya lile moja unalofanyia kazi, halafu unaburuta kalamu. Lo! Rangi ya wingu inang'oka kwenye picha, inapanda kwenye tabaka lako tupu, inavutika na kujikunja kama uji mzito unaofuata mwiko, na pale ulipopita panabaki mkwaruzo wa manyoya ya brashi, mnene upande mmoja, umepauka upande wa pili. Hujachagua rangi hata moja. Rangi zote ni za anga lenyewe, za saa ile, za safari ile. Wewe umeleta mkono tu. Na picha ya asili iko salama salmini huko chini, haijapungua hata nukta.

Kwa wasioijua, Krita ni programu huria ya uchoraji, ya bure kweli, si ile ya bure kwa wiki moja kisha uombwe namba ya kadi ya benki. Imetoka katika jumuiya ya KDE, chimbuko lake ni 1999, na kazi yake inasimamiwa na wakfu wenye makao Uholanzi unaoishi kwa michango. Inakubali Windows, Linux na macOS, na kuna toleo la Android kwa ajili ya vishikwambi. Kwenye simu ya kawaida msijisumbue, skrini ni ndogo mno kwa madirisha yake yote. Mimi natumia kompyuta mpakato ya mtumba na ubao mdogo wa kuchorea wenye kalamu inayotambua mkandamizo wa mkono, na kwa kweli hiyo kalamu ndiyo kitu pekee ninachosihi mtu akinunue. Kipanya kinaweza kufanya kazi, lakini hakijui tofauti ya kugusa na kukandamiza, na raha yote ya jambo hili imo kwenye tofauti hiyo.

Brashi ya kuvurugia ilifumuliwa na kuundwa upya katika toleo la 5.0 lililotoka Desemba 2021, na inaonyesha. Ina mienendo miwili ambayo ni lazima uijue kabla ya kitu kingine chochote. Mwenendo wa kwanza huburuta nukta zenyewe jinsi zilivyo, kwa hiyo chembe za picha zinaonekana zikinyooka kufuata mkono. Wa pili huchukua wastani wa rangi zilizo chini ya brashi na kuupaka kwa upole, bila michirizi. Kuna pia vipimo vitatu vya kuongeza na kupunguza: rangi iburutwe umbali gani, brashi ionje eneo pana kiasi gani, na rangi yako mwenyewe ichanganywe kwa kiwango gani na ile inayookotwa. Hicho cha tatu kiweke sifuri mwanzoni. Nawaombeni, kiweke sifuri! Hapo ndipo unapolazimika kuisikiliza picha.

Sasa kwa nini picha za ndege, na si za harusi au za machweo ya Coco Beach? Kwa sababu picha ya ndege inafika ikiwa imeshachorwa nusu. Dirisha la ndege kubwa ya abiria kwa kawaida ni mabamba matatu ya plastiki: la nje linalobeba mgandamizo wa hewa, la kati lenye kitundu kidogo upande wa chini, na la ndani ambalo sote tunaegemeza vipaji vya nyuso. Kitundu kile kinasawazisha hewa na kusaidia dirisha lisijae ukungu, na ndipo mara nyingi utakapoona vinyota vya barafu vikichipua mkiwa juu sana. Ongeza mikwaruzo ya miaka, ongeza kilomita kadhaa za hewa kati yako na ardhi. Hewa hiyo hutawanya mwanga wa buluu zaidi ya mwekundu, ndiyo maana kila kilicho mbali kinageuka cha buluu na kupoteza makali. Mpiga picha huhuzunika. Mchoraji ashukuru! Leonardo da Vinci aliwaandikia wachoraji kuhusu jambo hilihili, kwamba mlima ulio mbali zaidi upakwe buluu zaidi, na watu wamehangaika na somo hilo kwa karne kadhaa. Dirishani limeshafanyika bila wewe kuinua kidole. Vitu vidogo vimeshafutwa, maumbo makubwa yamebaki. Kilichokosekana ni ngozi, yaani ule mguso wa brashi unaomfanya mtazamaji ahisi kwamba kuna mtu amepita pale.

Nilianza na njia ya mkato, kama mtu yeyote angeanza. Katika menyu ya filta, kwenye kundi la zile za kisanaa, Krita ina filta ya rangi ya mafuta: unachagua ukubwa wa brashi, unachagua ulaini, unabonyeza, kwisha. Filta za namna hii zinafanya kazi ya ujirani. Kila nukta inatazama nukta zinazoizunguka, na rangi iliyotawala mtaa huo ndiyo inayoshinda. Ndugu yake wa karibu ni filta ya Kuwahara, ya Mjapani Michiyoshi Kuwahara, iliyotokea 1976, na kinachonisisimua ni kwamba haikuzaliwa kwa ajili ya sanaa hata kidogo. Ilikuwa ya kusafisha picha za kitabibu za moyo! Inagawa ujirani wa nukta katika mitaa minne, inauchagua ule uliotulia zaidi, na kuchukua wastani wake. Matokeo yake ni mabaka tulivu yenye kingo kali, na macho ya binadamu yakiona mabaka ya namna hiyo yanasema "rangi ya mafuta." Kisha ikaja 2015, watafiti Gatys, Ecker na Bethge wa Tübingen, Ujerumani, wakafundisha mtandao wa neva kuvalisha picha moja mtindo wa mchoro mwingine, na 2016 programu ya Prisma ikalitia jambo hilo kwenye simu za mamilioni ya watu.

Zote nimezijaribu juu ya picha zilezile. Kwenye mafungu ya mchanga ya Unguja, filta ya mafuta inapendeza sana, sifichi: maji ya kina kifupi yanageuka vigae vya kijani na feruzi, na mpaka wa mchanga unakaza. Lakini juu ya Kibo, filta inaelemewa na kazi. Haijui kwamba lile ni barafu na lile ni wingu. Vyote ni vyeupe, basi inavitendea sawasawa, inavisaga katika kipimo kimoja, na mlima mrefu kuliko yote Afrika, mita 5,895, unalingana na kiwingu cha kupita. Mkono haufanyi hivyo. Mkono unajua kipi kina uzito.

Ebu niwaonyeshe kipande kimoja kwa karibu, maana hapa ndipo nilipoamini. Picha ni ya asubuhi, ndege ya Nairobi kwenda Dar es Salaam, kiti cha upande wa kulia. (Kulia mkitoka Nairobi, kushoto mkirudi. Mwombeni mhudumu mapema.) Kibo imetokeza juu ya tandiko la mawingu, anga juu yake ni buluu isiyo na kitu. Nilianza na anga, brashi pana ya nukta mia nne, mwenendo ule wa wastani, mkono mwepesi, kutoka kushoto kwenda kulia bila kuinua. Mikwaruzo ya plastiki ikatoweka kwa mpigo mmoja, na doa la mwanga wa kabini lililokuwa kwenye kona likayeyuka ndani ya buluu. Kisha mawingu. Hapo nikabadili mwenendo, nikachukua brashi ya manyoya makavu, nikaburuta kutoka sehemu yenye kivuli kuelekea sehemu yenye jua, siyo kinyume, kwa sababu ukianza kwenye weupe unaupeleka weupe kila mahali na wingu linakosa tumbo. Kivuli cha wingu kwenye picha kilikuwa kijivu cha buluu. Kilipoburutwa kikakutana na krimu ya ukingoni, na pale katikati, wallahi, ikatokea zambarau nyepesi ambayo haikuwamo popote kwenye picha! Ilikuwa imejificha kati ya rangi mbili ikingoja kuchanganywa.

Barafu niliiacha ya mwisho. Brashi ya nukta kumi na mbili, mkandamizo mkubwa, mipigo mifupi inayoshuka na mteremko. Kwenye ukingo ambapo barafu inaishia na mwamba unaanza, nilipandisha kidogo kile kipimo cha tatu, nikatia tone la rangi ya waridi lililookotwa kutoka kwenye ukingo wa mawingu. Mlima ukasimama. Sina namna nyingine ya kulieleza. Dakika moja nyuma ulikuwa umebandikwa juu ya mawingu, sasa umesimama nyuma yake, una mwili, una uzito, na unavuta jicho kutoka kona yoyote ya turubai.

Na hapo kuna kishawishi. Brashi iko mkononi, nyeupe iko tayari, mpigo mmoja tu na Kibo inarudishiwa kofia yake pana ya zamani. Msifanye hivyo. Tangu 1912 barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80, na kilichobaki ni vipande vyenye kuta, vimetengana, kila kimoja na umbo lake. Vipande hivyo ndivyo vizuri. Vina kingo, vina kivuli, vinaipa brashi kitu cha kushika. Anayepaka kofia nzima anachora kalenda ya zamani ya ukutani, na anaipoteza asubuhi aliyoiona kwa macho yake. Ukungu futeni, mikwaruzo futeni, bawa mkitaka liondoeni. Mlima uacheni ulivyo.

Habari njema kwa wasafiri wa huku kwetu ni kwamba ndege zetu nyingi za ndani zimeundwa kana kwamba mbunifu wake alikuwa mchoraji. ATR za Precision Air, Q400 za Air Tanzania, na vile vijindege vya Cessna Caravan vinavyorukia visiwani, vyote vina mabawa juu ya mwili wa ndege. Bawa likiwa juu, macho yanashuka moja kwa moja hadi ardhini bila kizuizi. Kwenye ndege zenye bawa la chini, tafuteni kiti cha mbele ya bawa. Nyuma ya injini kuna hewa ya moto inayotetemesha kila kitu. Na kama simu yako imepinda mapanga ya pangaboi yakawa ndizi, simu ni nzima: kihisi chake kinasoma picha mstari kwa mstari wakati panga linazunguka. Mimi nilitaka kuyafuta, kisha nikayaacha yapinde zaidi. Katika picha ni kasoro, katika mchoro ni mwendo.

Wakati wa kupiga, sogezeni simu karibu kabisa na plastiki, mfunike pembeni kwa kitambaa cheusi au kanga iliyokolea rangi ili taa za ndani zisirudi kwenye picha, na mzime mmweko wa simu. Wenye kamera kubwa waache nyumbani ile filta ya lenzi ya kuchuja mng'ao, kwa kuwa juu ya plastiki ya ndege huleta mabaka ya upinde wa mvua.

Kisha rukeni Dar kwenda Unguja mchana wa jua kali. Ni dakika kama ishirini tu, Caravan haipandi juu sana, na chini yako kuna kila aina ya buluu. Maji hunywa mwanga mwekundu kwanza, mchanga mweupe hurudisha kilichobaki, kwa hiyo kadiri kina kinavyopungua ndivyo feruzi inavyowaka, na ukingo wa mwamba wa matumbawe unachora mstari wa kahawia. Kisiwa cha Chumbe na mnara wake wa taa wa 1904 ni zawadi tupu kwa mchoraji: doa moja la kijani kibichi, pete ya matumbawe, na kijinukta cheupe cha kushikia jicho.

Kwa picha hizi za baharini niliiweka kando brashi ya kuvurugia. Ndiyo, baada ya sifa zote hizo! Nilimkumbuka Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam 1968 kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao laini za kiwandani. Rangi ile haina subira ya kuchanganywa. Inakaa bapa, safi, inang'aa, na mpaka wake ni mpaka. Nikachagua brashi nzito isiyopenyeza, nikashikilia kitufe cha Ctrl na kugonga kwenye picha ili kuokota rangi, nikapaka mabaka: feruzi hapa, kijani pale, mchanga, mwamba, ngalawa. Buluu ya bahari ya Hindi ikatoka na mlio kabisa. Filta inapofanya kitu kama hicho hutoa mabaka mia tano, mengi yasiyo na kazi. Mimi nilitumia yasiyozidi arubaini na kila moja nalijua lilikotoka.

Na kama kuna atakayesema kwamba kuchora ulichokiona dirishani mwa ndege si sanaa ya kweli, mpelekeni Chicago. Katika Art Institute kuna mchoro wa Georgia O'Keeffe, "Sky Above Clouds IV," wa 1965. Ni mawingu tu, yamepangwa vipande vipande kuelekea upeo wa macho jinsi alivyoyaona akisafiri kwa ndege. Turubai ina upana wa futi 24 na kimo cha futi 8, yaani zaidi ya mita saba kwa mbili na nusu hivi. Aliuchora gereji kwake New Mexico, akiwa na miaka 77! Ulitakiwa pia uonyeshwe San Francisco, lakini ulikuwa mkubwa kuliko milango ya jumba lao la sanaa, ukabaki Chicago. Kinachonigusa ni jinsi alivyothubutu kuyarahisisha mawingu: kila kipande karibu mviringo, cheupe, kimezungukwa na buluu, na upeo una ukanda wa waridi. Nilijaribu ujasiri huo kwenye picha yangu moja ya mawingu ya kawaida, nikawa nasaga mawingu madogo mawili matatu kuwa moja, nikiacha buluu ipite katikati, na picha ikapanuka kuliko fremu yake.

Jambo jingine linalonifurahisha mno: Krita inaweza kurekodi kazi yako tangu mpigo wa kwanza na kukutengenezea video fupi. Nilipomwonyesha mama yangu mchoro uliokamilika alisema ni mzuri. Nilipomwonyesha video, na akaona ukungu unafutika na mlima unatoka, aliniambia, "Rudia, mwanangu, rudia pale theluji inapokuja," na tukarudia hadi chai ikapoa.

Neno la mwisho la kiufundi, na ni la muhimu kwa atakayetaka kuchapisha. Picha ya simu ya nukta 4,000 kwa 3,000, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inatoa karatasi ya sentimita 34 kwa 25 tu. Mchoro hauna utumwa huo. Mtazamaji haitafuti chembe ya picha, anautafuta mpigo wa brashi, kwa hiyo nukta 100 kwa inchi zinatosha na unafika mita moja nzima. Bora zaidi, ikuzeni picha mara mbili kabla ya kuanza kupaka, kwa sababu mipigo yako itazaliwa katika ukubwa huo mpya ikiwa na makali yake yote, hata kama picha iliyo chini imelainika. Mashine yenye kumbukumbu ndogo italalamika, basi fungeni kila kitu kingine na mpake kwa utulivu.

Chumbe nimeshaipeleka kwa mchapaji, kwenye turubai ya kitambaa, upana mita moja, na fundi wa fremu ameahidi mninga. Inayofuata ni safari ya Mafia, kiti cha upande wa bara, kamera tayari pale delta ya Rufiji inapofunguka: mikoko ya kijani kizito, vijito vinavyojipinda katikati yake, na maji ya kahawia yanayomiminika kwenye buluu ya bahari. Mwenendo wa kuburuta nukta, brashi ya manyoya makavu, kipimo cha tatu sifuri!